SIMBA MWENYE SAUTI YA KUAZIMA

Mpenzi msomaji, kabla sijaanza kisa changu nakuomba unijibu swali moja. Filamu inapoanza, wewe hufanya nini? Ikiwa u kama mimi nilivyokuwa, basi huo ndio wakati wa kugombania viti, kugawana njugu na kumpigia kelele aliyeshika rimoti, "Rusha mbele bwana, hapo bado hawajaanza!" Ile alama ya kampuni iliyotengeneza filamu, iwe ni mlima wenye nyota, dunia inayozunguka au mama aliyeinua mwenge, sisi huiona kama pazia la kusongezwa kando tu. Kisa hiki ni cha alama moja ya namna hiyo. Huchukua sekunde chache tu, lakini nusura initenganishe na babu yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Asubuhi nashuka kutoka upande wa vilima vya Samia, napita soko la Funyula wakati akina mama wanatandaza omena, na kufika shuleni viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi. Jioni narudi njia ile ile. Nyumbani tunaishi na babu mzaa baba. Ana miaka 79. Ujanani mwake alifanya kazi ya reli kule Voi, kwanza ikiwa Reli ya Afrika Mashariki, na baada ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977, Reli ya Kenya. Alirudi Samia na sanduku la bati, koti la kazi na hadithi zisizokwisha. Sasa macho hayaoni tena. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru polepole, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia.

Babu hupenda filamu kuliko sisi tunaoona. Tunayo televisheni ndogo inayotumia sola, na kaka yangu mkubwa hutuletea filamu kwenye flashi kutoka Busia. Nyingine ni zile za ng'ambo ya mpaka, ambazo VJ wa Uganda ameingiza sauti yake, anasimulia kila kitu kwa Kiganda, hata alama ya kampuni haimponyoki. Simba akifungua kinywa tu, VJ naye anajitangaza jina! Babu husikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono kwenye fimbo, na mimi kazi yangu ni kumwambia yale ambayo sauti haisemi. "Sasa amepanda gari, babu." "Sasa anatazama nyuma."

Siku moja ya likizo ya Aprili, mwaka 2025, tulikuwa tunatazama filamu ya James Bond. Wageni walikuwepo, baba mdogo na mkewe, na majirani wawili. Filamu ikaanza. Simba akatokea ndani ya duara lake la dhahabu, akageuza kichwa, akanguruma mpaka kikombe kikalia juu ya meza.

"Huyo ni nani?" babu akauliza.

"Ni simba, babu. Ndiye alama ya kampuni."

Babu akanyamaza kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Huyo si simba."

Tulicheka. Nikamwambia, "Babu, mimi namwona kwa macho yangu. Ana manyoya shingoni. Ni simba!"

"Wewe unamwona," akajibu bila kukasirika. "Mimi namsikia. Simba wa kweli hana haraka. Huanza chini kabisa, sauti inatoka kwenye udongo, inapanda, halafu anamaliza kama mtu anayepasua kuni hali amechoka. Hhu, hhu, hhu. Nimelala nikimsikia miaka mingi kule landi za reli. Huyo wako anafoka. Simba hafoki."

Wageni walicheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuwazidi wote.

Mambo yangeishia hapo. Lakini siku mbili baadaye wadogo zangu walikuwa wakitazama katuni za zamani za Tom na Jerry, paka na panya wale mnaowajua. Katuni ikaanza, na simba yule yule wa kampuni ile ile akanguruma. Babu alikuwa nje akiota jua. Akaita kwa sauti, "Ee! Huyo sasa ndiye simba!"

Nikatoka mbio. "Babu, ni yule yule wa juzi! Kampuni ni moja, duara ni moja. Juzi ulisema si simba, leo unasema ni simba?"

"Juzi hakuwa simba," akasema. "Huyu ni simba."

Halafu ikaja Pasaka. Kanisani kwetu vijana walionyesha Ben-Hur, filamu ya mwaka 1959, kwenye shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Nilikaa na babu. Alama ya simba ilipotokea nikamnong'oneza, "Simba huyo, babu." Babu akatega sikio. Kimya. Picha ya simba ilikuwa imetulia tu, hata kinywa hakufungua.

"Mbona hajanguruma?" akauliza.

"Sijui, babu. Labda spika imeharibika."

"Amefanya vyema," akasema. "Kuna mahali hata simba hunyamaza."

Nilipofika nyumbani nikawa na kichekesho kamili cha sehemu tatu. Simba asiye simba, simba aliye simba, na simba aliyeokoka! Nilikisimulia jikoni, nikakisimulia kisimani, nikakisimulia kwa baba mdogo aliyecheka mpaka machozi. Kijijini watoto wakaanza kumwita babu Daktari wa Simba. Sikujua kwamba maneno ni kama moto wa nyasi, ukishauwasha huwezi kuuamrisha ugeukie wapi.

Mwezi wa Juni baba mdogo alitaka kujenga nyumba kwenye kona ya shamba, karibu na mpaka wetu na jirani. Tukakaa chini ya mwembe kuzungumza. Babu akasema, "Hapo usijenge. Jiwe la mpaka liko ndani zaidi. Ukitoka kwenye kisiki cha mvule uhesabu hatua ishirini na mbili kuelekea upande wa ziwa. Mimi nilikuwepo likizikwa. Ukijenga hapo utakuwa umejenga kwa mwenyewe."

Baba mdogo akamtazama baba yangu, akatabasamu, akasema polepole lakini sote tulisikia, "Mzee kumbukumbu zimechanganyika. Huyu si ndiye anasema simba wa leo si simba na wa kesho ni simba? Tutafuata maneno kama hayo mpaka lini?"

Hakuna aliyecheka mara hii. Hakuna aliyemtetea pia. Babu alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akainuka, akatembea peke yake mpaka nyumbani kwake akipapasa ua. Mimi niliyekuwa nikimshika mkono kila siku niliganda kama gogo. Kile kichekesho changu kilikuwa kimegeuzwa ushahidi, na mimi ndiye niliyekipeleka mahakamani.

Usiku huo sikulala. Nilijiuliza jambo ambalo ningepaswa kujiuliza mapema. Je, kama babu alisikia sawa?

Jumatatu nilimweleza mwalimu wa kompyuta kisa chote, bila kuficha sehemu yangu. Hakunicheka. Alinipa saa ya chakula cha mchana kwa siku tatu nisome kwenye intaneti, akaniambia, "Usitafute kushinda. Tafuta kujua." Na haya, ndugu msomaji, ndiyo niliyoyapata.

Simba huyo ni alama ya kampuni ya Marekani iitwayo Metro-Goldwyn-Mayer, yaani MGM. Alizaliwa kwenye karatasi kabla ya kampuni yenyewe. Mwaka 1916 kijana mmoja aitwaye Howard Dietz, aliyekuwa akiandika matangazo, alichora alama ya simba kwa kampuni ya Goldwyn. Aliwaza simba kwa sababu alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Columbia, ambacho wanamichezo wake huitwa Simba. Kumbe hata mnyama wa kutisha vile chanzo chake ni timu ya shule! Kuzunguka kichwa chake kuna maneno ya Kilatini yanayomaanisha sanaa kwa ajili ya sanaa. Mwaka 1924 kampuni tatu ziliungana kuwa MGM, nayo ikamrithi simba.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba si simba mmoja. Wa kwanza kutumiwa na MGM, tangu 1924 hadi 1928, aliitwa Slats. Hakutoka Tsavo wala Mara. Alizaliwa mwaka 1919 katika bustani ya wanyama ya Dublin, nchi ya Ireland, kwenye mvua na baridi. Yeye hakunguruma, kwa kuwa filamu za siku zile zilikuwa bubu. Alitazama huku na huku tu. Mwaka 1928 akaja Jackie, na huyu ndiye wa kwanza watazamaji kumsikia akinguruma. Kisha wakafuata wengine, akiwemo Tanner, aliyepigwa picha kwa ajili ya filamu za rangi kuanzia mwaka 1934. Ndiye anayefungua zile katuni za kale za Tom na Jerry. Baada yake akaja George kwa muda mfupi, na mwaka 1957 akaja yule tunayemjua wengi, mwenye manyoya mafupi shingoni. Jina lake ni Leo.

Hapa nilicheka peke yangu kwenye chumba cha kompyuta. Leo kwa Kilatini ni simba, lakini kwetu sisi leo ni leo! Simba aitwaye Leo aliendelea kuonekana tangu 1957 hadi 2021, na leo hii hayupo, kwa sababu mwaka huo 2021 kampuni ilitengeneza simba mpya kwa kompyuta. Manyoya yote, macho yote, ni mchoro wa mashine.

Niliona pia kwamba wenye kampuni wenyewe walimchezea simba wao kila walipotaka. Mwaka 1963, katuni za Tom na Jerry zilipoanza kutengenezwa na Chuck Jones, simba alianza kunguruma, kisha paka Tom akachukua nafasi yake ndani ya duara na kulia nyau. Mwaka 1967, katika filamu moja ya kuchekesha kuhusu wanyonya damu, simba aligeuzwa katuni yenye meno yanayodondosha damu. Mwaka 1968, filamu 2001: A Space Odyssey ilitumia mchoro wa kichwa cha simba uliotulia, usio na sauti. Na Ben-Hur je? Spika ya kanisa letu haikuwa na kosa lolote. Filamu ile inaanza na habari za kuzaliwa kwa Yesu, na mwelekezi wake, William Wyler, aliona haifai simba anguruma mbele ya hori la mtoto. Simba akanyamazishwa kwa heshima. Nikakumbuka maneno ya babu, "Kuna mahali hata simba hunyamaza," na koo langu likakauka.

Siku ya tatu ndipo nilipolipata lile nililolihofia na kulitamani. Mwaka 1982 kampuni ilitaka mngurumo mpya, mzito zaidi, unaofaa spika za kisasa. Kazi hiyo alipewa fundi wa sauti aitwaye Mark Mangini, ambaye baadaye alishinda tuzo za Oscar. Mangini ameeleza kwamba simba hatoi ile sauti kali ya kufoka iliyokuwa ikitakiwa. Kwa hiyo alitumia sauti za chui milia, mnyama wa Asia ambaye hayupo porini popote katika bara letu. Picha ikabaki ya simba Leo. Sauti ikawa ya wengine.

Nilirudi nyuma kwenye kiti. Filamu ile ya James Bond ilitengenezwa baada ya 1982. Katuni zile za kale zilitengenezwa zamani, wakati mngurumo ulikuwa wa simba wa kweli. Babu hakuchanganyikiwa. Mara ya kwanza alisikia chui milia akasema si simba. Mara ya pili alisikia simba akasema ni simba. Sisi wenye macho tulidanganywa na manyoya, na kipofu peke yake ndiye aliyeona.

Na cha kushangaza ni kwamba kampuni hiyo hiyo iliwahi kufika huku kwetu. Mwaka 1929 ilituma watu Afrika Mashariki kupiga filamu ya Trader Horn, iliyotoka mwaka 1931, wakafika mpaka maporomoko ya Murchison kule Uganda. Miaka ya hamsini wakarudi kupiga Mogambo, iliyotoka 1953, katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Walilala kwenye mahema katika nchi ambamo mngurumo wa simba husikika hata kilomita nane usiku. Lakini ilipofika wakati wa kumpa simba wao sauti mpya, wakamwazimia ya jirani kutoka Asia. Ni kama mtu aje Samia anunue samaki wa mkebe.

Nilichapa habari hizo kwenye karatasi mbili. Jioni ile sikupitia sokoni. Nilimkuta babu mlangoni kwake, redio imefungwa. Tangu siku ile ya mwembe hakuwa amekuja kusikiliza filamu hata moja, akisingizia baridi.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ni wewe? Mbona unahema?"

"Babu, nimekuja kuomba radhi. Yule simba hakuwa simba. Sauti yake ni ya chui milia. Wewe ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekutangaza kijijini."

Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, "Chui milia ni mnyama gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza kama mtoto, akauliza ukubwa wake na chakula chake, kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Basi hata mimi sikujua ni nani. Nilijua tu kwamba si simba. Mtu akikaa na mtu miaka mingi hawezi kupotezwa na koti alilovaa." Kisha akaweka mkono kichwani mwangu. "Sikukasirika kwa sababu ya kucheka, mjukuu wangu. Kucheka ni kwa watoto. Nilikasirika kwa sababu uliponyamaza chini ya mwembe, ulikuwa mkubwa."

Maneno hayo yaliniingia kuliko fimbo kumi.

Siku iliyofuata nilikwenda na karatasi zangu kwa baba mdogo. Magoti yalitetemeka, kwa maana kijana wa miaka kumi na sita kumkosoa baba mdogo si jambo dogo kwetu. Nilimsomea yote, mwanzo hadi mwisho, na kumwambia kwamba kile kichekesho kilikuwa changu na kilikuwa na makosa. Alichukua karatasi, akazisoma mwenyewe mara ya pili. Hakusema kitu. Nilirudi nyumbani nikidhani nimepoteza bure wino wa shule.

Jumamosi asubuhi tulisikia hodi. Baba mdogo alikuwa amesimama uani na jembe begani. Akamsalimu babu kwa adabu, akasema, "Mzee, nimekuja unionyeshe ile njia ya kutoka kwenye kisiki."

Babu akainuka. Mara hii nilimshika mkono. Tulikwenda mpaka kwenye kisiki cha mvule, akakipapasa pande zote kama mtu anayemtambua rafiki, akageuza uso upande ambao upepo wa ziwa hutoka, akaanza kuhesabu. Hatua zake za leo si zile za ujana, naye alilijua hilo, kwa hiyo akaniambia nihesabu zangu badala yake. Tulichimba hapo ishirini na mbili inapoishia, tukachimba kulia, tukachimba kushoto, mpaka jua likawa kali.

Msomaji, ningependa kukuambia kwamba jiwe lilionekana. Hadi ninapoandika insha hii hatujalipata, na savea ameitwa. Lakini baba mdogo amesimamisha ujenzi, kokoto zake ziko palepale kwenye rundo, na neno Daktari wa Simba sasa hutamkwa kwa namna nyingine. Juzi yeye mwenyewe alileta flashi, akamketisha babu mbele ya spika, akamwomba awe kimya kila mtu. "Rusheni nyuma," akasema. "Mzee hajasikia mwanzo."

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nami naongeza langu dogo, nililolilipia kwa aibu: wazee wawepo, lakini pia wasikilizwe. Wewe uliye na babu au nyanya nyumbani, filamu itakapoanza leo jioni, usirushe mbele ile alama. Mwulize anasikia nini.